Kayaki na Fundi Wake

Fundi wa mashua za mbao Ziwa Victoria akiona maji yanapenya, hushindilia pamba kwenye maungio, yaani hukalafati, na mvuvi hurudi ziwani. Kayaki ya plastiki haina huruma hiyo. Ufa wake huchomelewa kwa plastiki ya aina ile ile, na kizibo chake kikipotea, cha chupa ya soda hakifai kitu.

Kwa mvuvi wa Isecheno, kando ya msitu wa Kakamega, anayetamani kuingia mto Yala kwa kayaki, huduma ya matengenezo ni nusu ya chombo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Basi dai risiti, na uulize vipuri kabla ya kulipa.