Jelatini: Tusome Pakiti Kabla ya Kununua

Jelatini, inayogandisha jeli na kuzitia mnato baadhi ya peremende na mtindi, hutolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe, nguruwe au samaki. Basi, enyi wazazi, neno "jelatini" pekee halitoshi. Tutafute asili yake au alama ya halali kwenye pakiti.

Penye shaka, tutumie agari itokanayo na mwani. Hiyo huchemshwa mpaka iyeyuke, nayo huganda hata nje ya jokofu. Jelatini hulowekwa kwanza katika maji baridi, kisha huyeyushwa kwa moto mdogo bila kuchemshwa. Papai na nanasi mbichi huizuia isigande. Unga wake uhifadhiwe pakavu, ndani ya chombo kilichofungwa.

Halali ya mezani huanzia dukani.