Nani Akuandikie Barua: Mwenye Cheo au Aliyekuona Kazini?

Kijana wa Cheptiret, Kenya, anaweza kusoma tangu darasa la kwanza hadi digrii bila mtu yeyote kuandika hata aya moja kumhusu. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko hapo Kesses, mwendo mfupi wa matatu kutoka barabara kuu, na anapojiunga nacho hakuna anayewauliza walimu wake wanamwonaje. Alama za mtihani wa KCSE na machaguo yake ndivyo vinavyotazamwa na KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, kama ilivyokuwa enzi za JAB, bodi iliyolitangulia, na hata udaktari huingiwa kwa mlango huohuo. Kisha kijana huyo anafika Marekani, anataka kusomea udaktari, ufamasia au sheria, na anaambiwa alete barua za mapendekezo. Wazo la kwanza linalomjia ni kumtafuta mkubwa: mbunge, askofu, mkuu wa kitivo. Nasema bila kusita kwamba wazo hilo ndilo la kuacha kwanza.

Si wazo la kipumbavu, lina asili yake. Barua tuliyoizoea nyumbani ni ya chifu. Unapotafuta kitambulisho au kujaza fomu ya basari, chifu au naibu wake anagonga mhuri kuthibitisha kwamba anaijua nyumba yenu na kwamba wewe ni wa lokesheni yake. Kazi ya barua hiyo ni udhamini, kwa hiyo nguvu yake yote iko kwenye cheo cha anayeitia sahihi. Hakuna anayemtarajia chifu aeleze unavyofikiri ukiwa maabara. Kamati ya shule ya udaktari ya Marekani inatafuta kitu kingine kabisa. Mwongozo ambao Chama cha Vyuo vya Udaktari vya Marekani, AAMC, kinawapa waandishi wa barua hizi unawataka waeleze wamemjua mwombaji kwa muda gani, katika kazi gani, na kama wanayoyasema waliyaona wenyewe au waliyasikia tu. Unawataka pia wampime kwa haki badala ya kumpigia debe. Mbunge aliyekutana nawe kwenye harambee akijibu maswali hayo kwa ukweli, barua yake imekwisha kabla ya aya ya pili.

Fikiria sasa barua mbili. Ya kwanza inasema mwombaji ni mwenye bidii, nidhamu na heshima. Ya pili imeandikwa na muuguzi msimamizi wa makao ya wazee, mahali ambapo wengi wetu tulio huku Marekani hufanya zamu za usiku tukiwa masomoni. Inasema mwombaji alimsaidia mama mmoja mzee kula kila jioni, na siku moja akaona kijiko kinamponyoka mkono wa kushoto. Hakungoja zamu iishe, alimwita muuguzi papo hapo. Barua ya kwanza ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Ya pili ni yako peke yako, na daktari anayeisoma anajua umuhimu wa alichokiona mwombaji huyo. Ushahidi wa namna hii uko hata Eldoret. Shule ya udaktari ya Moi, tangu ilipopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990, huwapeleka vijijini kupitia mpango wa mafunzo katika jamii, COBES, na msimamizi aliyekuona ukiongea na mama kwenye kituo cha afya ana mengi ya kusema kuliko mkuu anayelijua jina lako kutoka kwenye orodha.

Wapo watakaosema mhadhiri wa Kesses hajulikani Marekani, na kwamba darasani mlikuwa mamia, hakukumbuki. La kwanza halinitishi, kwa sababu maelezo ya wazi humtambulisha mwandishi wake. La pili ni zito. Shule nyingi hudai barua za walimu wa sayansi, na muuguzi hawezi kujaza nafasi hiyo. Kama hakuna mhadhiri anayekumbuka kazi yako, soma masomo kadhaa katika chuo cha huku, kwenye darasa dogo, uhudhurie saa za maswali, ndipo uombe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba barua zenyewe zina upendeleo. Ni kweli. Mwaka 2003 watafiti Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za walioomba uhadhiri katika shule moja ya udaktari ya Marekani, wakakuta za wanawake kwa wastani ni fupi na zina maneno mengi zaidi ya kutia shaka. Lakini sifa za jumla ndizo zinazoacha nafasi kubwa ya upendeleo huo kujipenyeza. Tukio lililoonwa kwa macho ni gumu zaidi kulififisha, na ndiyo sababu binti zetu hasa wanahitaji mwandishi aliyewaona kazini.

Kumpita mkubwa wa nyumbani si kumvunjia heshima. Barua yake ina mahali pake katika ufadhili wa kanisa au wa kaunti. Linalonisikitisha zaidi ni ile desturi ya bosi kukuambia uandike mwenyewe, yeye atatia sahihi. Huku mwandishi huituma barua moja kwa moja, na kwa kawaida mwombaji husaini kuachilia haki yake ya kuisoma, haki aliyopewa na sheria ya Marekani ya mwaka 1974. Anayekuomba umwandikie amekwisha kukujibu. Mshukuru, utafute mwingine, umpelekee matokeo yako na kumbukumbu ya kazi mliyofanya pamoja, miezi miwili au mitatu kabla ya siku ya mwisho.