Menyu Moja kwa Kompyuta Zote: Namna Shule Zinavyoweza Kuokoa Muda wa Kipindi cha TEHAMA

Na Mwandishi Wetu, Singida

Kipindi kimoja katika shule ya sekondari nchini ni dakika 40. Mwanafunzi anapotumia dakika 10 kutafuta programu ambayo wiki iliyopita aliiona mahali pengine kwenye kompyuta nyingine, robo ya kipindi imekwisha kabla somo halijaanza. Katika shule ambayo wanafunzi hupokezana kompyuta chache, dakika hizo ni zamu ya mwenzake.

Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulioanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2006, imekuwa ikipeleka kompyuta katika shule za umma nchini. Hata hivyo, kupokea vifaa ni hatua ya kwanza tu. Manufaa yake hutegemea pia namna vinavyopangwa na kusimamiwa, ikiwemo jambo linaloonekana dogo: menyu ya kuanzia, yaani orodha ya programu inayofunguka mtumiaji anapobofya kitufe kilichopo chini ya kioo cha kompyuta.

Njia ya mkato ni nini?

Alama ya programu inayoonekana kwenye menyu hiyo si programu yenyewe. Ni njia ya mkato, yaani faili dogo linaloielekeza kompyuta mahali programu ilipohifadhiwa. Njia ya mkato ikifutwa, programu hubaki salama, lakini mwanafunzi asiyelijua hilo hudhani kuwa imepotea. Vivyo hivyo, njia ya mkato inaweza kuwepo ilhali programu haijawekwa kwenye kompyuta husika, na mwanafunzi akibofya hakuna kinachofunguka.

Katika mfumo wa Windows, menyu hiyo hukusanya njia za mkato kutoka folda mbili. Ya kwanza ni ya watumiaji wote wa kompyuta hiyo, na ya pili ni ya mtumiaji mmoja mmoja. Njia ya mkato iliyowekwa katika folda ya pamoja haiwezi kufutwa na mwanafunzi anayetumia akaunti ya kawaida. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kutowapa wanafunzi akaunti ya msimamizi, na kuziweka programu za masomo katika folda ya pamoja.

Ngazi tatu za usimamizi

Shule isiyo na mtandao wa ndani inaweza kuandaa njia za mkato kwenye kompyuta moja, kisha kuzinakili katika folda ya pamoja ya kila kompyuta kwa kutumia flashi. Kazi hiyo haihitaji intaneti.

Shule yenye mtandao wa ndani inaweza kuhifadhi njia hizo katika folda moja inayofikiwa na kompyuta zote, na kuandaa amri fupi ya kuzinakili kila kompyuta inapowashwa. Mwalimu akibadilisha folda hiyo, kompyuta zote hufuata.

Shule yenye seva inaweza kutumia huduma ya Active Directory kutoa maelekezo kutoka sehemu moja. Wanafunzi wakaona programu za masomo yao na walimu wakaona za kwao. Seva inaweza pia kuelekezwa kuhakiki kwanza kama programu ipo kwenye kompyuta kabla ya kuweka njia yake ya mkato. Kwa kawaida, maelekezo mapya hufika ndani ya saa mbili kwa kompyuta iliyowashwa, au inapowashwa tena iwapo umeme ulikatika.

Kwa Mkoa wa Singida wenye halmashauri saba, ambako Afisa TEHAMA hulazimika kusafiri mwendo mrefu kufika baadhi ya shule za Itigi, Manyoni au Mkalama, utaratibu huu humwezesha mwalimu kumaliza mwenyewe matatizo madogo bila kusubiri ujio wa mtaalamu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kabla ya kununua au kupokea kompyuta, shule ihakiki toleo la Windows lililomo. Toleo la Home haliwezi kuunganishwa na Active Directory; linahitajika toleo la Pro au Education. Aidha, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025. Shule zinazohamia Windows 11 zitambue kuwa programu zinazobandikwa sehemu ya juu ya menyu hupangwa kwa utaratibu wa peke yake, ingawa orodha ya programu zote bado husoma folda zilezile mbili.

Pili, kuficha njia ya mkato si ulinzi. Faili la alama za mitihani lisiloonekana kwenye menyu bado linaweza kufunguliwa na anayejua lilipo. Taarifa za wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo zihifadhiwe katika folda yenye ruhusa maalumu na nywila.

Tatu, orodha ya programu na mpangilio wake iandikwe na kutunzwa katika ofisi ya shule, ili mwalimu wa TEHAMA anapohama, ajaye aendeleze kazi badala ya kuanza upya.

Wazazi na wajumbe wa bodi za shule wanapotembelea chumba cha kompyuta, pamoja na kuuliza idadi ya vifaa, waombe kompyuta mbili zozote ziwashwe. Menyu zake zikifanana na kila programu ikifunguka, watoto wao wanakitumia kipindi kujifunza.