Safari ya lori huanza kabla ya injini kuwashwa: Namna madereva wa masafa marefu wanavyopanga njia

Na Mwandishi Wetu

Lori linalobeba kontena kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lina safari ya takriban kilomita 2,000. Linapita Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, kisha linaivuka Zambia kabla ya kuingia Kongo kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kwa anayeitazama ramani, njia hiyo ni mstari mmoja usio na la kuamua. Kwa dereva aliyeshika usukani, mstari huo umejaa maamuzi, na baadhi yake yakikosewa hayasahihishiki tena barabarani.

Simu za mkononi zimerahisisha mambo mengi, lakini programu nyingi za ramani zilizomo ndani yake zimetengenezwa kwa ajili ya gari dogo. Zinatafuta njia fupi au ya haraka. Hazijui kwamba gari lina ekseli sita, kwamba tela haligeuki katika mtaa mwembamba, wala kwamba shehena iliyomo imefungwa lakiri ya forodha. Ndiyo maana dereva mzoefu huitumia ramani ya simu kuangalia foleni na umbali uliobaki, huku njia yenyewe akiwa ameipanga kwa kuzingatia mambo mengine.

La kwanza kati ya hayo ni uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi, 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Kichwa chenye ekseli tatu kikivuta tela la ekseli tatu, kikomo ni tani 50: tani 8 kwenye ekseli ya mbele ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela. Hesabu hiyo inajumuisha gari lenyewe, shehena, mafuta na watu waliomo.

Hapa ndipo wasiozoea hukosea. Gari linaweza kuwa ndani ya kikomo cha uzito wa jumla na bado likashindwa katika mizani kwa sababu kundi moja la ekseli limelemewa. Mzigo usiofungwa vizuri husogea mbele dereva anapofunga breki ghafla, na mchanga au magogo yaliyolowa mvua huongezeka uzito njiani. Hata mafuta yanahesabika: lita 600 za dizeli zina uzito wa takriban nusu tani. Kwa hiyo dereva aliyepakia hadi ukingoni mwa kikomo hujiuliza ajaze tangi Dar es Salaam au aweke ya kumfikisha Makambako, kisha aongeze huko. Anayebainika kuzidisha hulipa ada na hulazimika kupanga upya au kupunguza shehena, jambo linaloweza kumgharimu siku nzima. Katika barabara ya Tunduma, mizani inayosimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) ni pamoja na Vigwaza, Mikese, Mikumi, Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba. Kosa lililopita bila kuonekana katika mzani mmoja lina nafasi nyingi za kuonekana mbele.

Wapo wanaouona mzani kama kero. Wahandisi wa barabara hutumia kanuni inayoonesha kuwa uharibifu wa lami hukua kwa kadiri ya kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibeba tani 12, uzito umezidi kwa asilimia 20, lakini uharibifu umeongezeka mara mbili. Mashimo yanayowavunjia madereva springi yanatokana kwa sehemu na magari ya wenzao.

Jambo la pili ni milima. Baada ya Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kuupanda mlima Kitonga, wilayani Kilolo, kwa kona kali zenye ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori moja likiharibika katikati ya mlima, magari ya pande zote mbili hukwama kwa saa nyingi. Dereva makini hupanga kuufikia mchana, akiwa amekwisha kukagua breki, matairi na maji ya rejeta bondeni.

Kupanda, hata hivyo, si hatari kuu. Hatari ni kushuka, iwe Kitonga wakati wa kurudi, Inyala kabla ya kuingia jijini Mbeya, au mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, maeneo ambayo yamekwisha kupoteza maisha ya watu wengi. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata joto, na zikishapata joto kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushika, hata kama zilikuwa nzima wakati wa ukaguzi. Gari la tani 50 likifikia hali hiyo katikati ya mteremko, dereva hana tena uwezo wa kurudisha gia ndogo. Uamuzi huo ulipaswa kufanyika juu, kabla mteremko haujaanza: gia ndogo, breki ya injini, na breki za miguu zikitumika kwa vipindi. Anayeweka gia huru ili kuokoa mafuta anaokoa lita chache na kuhatarisha kila aliye mbele yake.

Kati ya Morogoro na Mikumi mji mdogo, barabara hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Huko kuna mipaka maalumu ya mwendo, na anayemgonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Usiku, twiga na tembo huonekana wakiwa wameshafika karibu mno.

Hayo yote yanategemea muda, na hapa ndipo wamiliki wa magari wanapohusika moja kwa moja. Sheria inalizuia lori la uzito unaozidi tani 3.5 kwenda zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Kwa kuwa umbali wa Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 930, ukiweka milima, mizani, miji na mapumziko, hesabu ya uaminifu inatoa siku mbili za mchana, mara nyingi zaidi. Tajiri anayempigia dereva simu akimtaka awe mpakani kesho asubuhi anamwamuru aendeshe usiku kucha au avunje sheria ya mwendo, na kwa kawaida yote mawili. Usingizi hauna kipimo cha kupulizia kama pombe. Trafiki aliyesimama kando ya barabara hawezi kuuona.

Shehena inayokwenda nje ya nchi ina sharti jingine. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huifuatilia kwa lakiri za kielektroniki zinazotoa taarifa pale zinapoguswa au gari linapoacha njia iliyoidhinishwa. Dereva huyo hana uhuru wa kukata kushoto kwa kuwa amesikia foleni mbele. Akihitaji kubadili njia, lazima forodha ijulishwe kwanza. Aidha, kabla ya kuondoka huwasiliana na wakala wake kuhakikisha nyaraka zimeshapokelewa mpakani, kwani Kituo cha Pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, hakiwezi kuharakisha gari ambalo karatasi zake hazijafika. Anabeba pia bima ya Kadi ya Njano ya COMESA na fedha za vituo vya tozo nchini Zambia. Akifika Kongo, au Rwanda kwa anayepitia Rusumo, anahamia upande wa kulia wa barabara, akiwa na gari lililoundwa kuendeshwa upande wa kushoto.

Mwisho ni mvua. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika maeneo kadhaa, likiwemo Somanga. Safari ya Mtwara, ambayo ni takriban kilomita 560, ikabaki na njia ya kuzunguka Iringa, Makambako, Songea, Tunduru na Masasi, zaidi ya kilomita 1,500. Dereva aliyekuwa amekwisha kufika Somanga alilazimika kusubiri hapo, au kurudi Dar es Salaam na kuanza upya. Kwa anayepanga safari ya kusini msimu wa masika, simu ya kuulizia hali ya barabara hupigwa akiwa bado Mbagala.