Punda wa Dobi Kwenye Simu

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Zanzibar, alichapisha London hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Leo kitabu hicho, Swahili Tales, kimo ndani ya Internet Archive, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996. Anayekitaka hukisoma bure, hata kwa simu, bila kumdhulumu mtu. Nchini Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Nchi nyingi za Ulaya hufikisha 70. Steere alifariki 1882, kwa hiyo hapo hakuna la kubishania.

Kukifungua ni rahisi. Kazi ipo kwenye kutafuta neno ndani yake.

Skana hupiga picha tu. Kwa kompyuta, picha ya ukurasa ni madoa meusi kwenye weupe, na ni lazima programu ya kutambua herufi ipite doa baada ya doa ikikisia. Wino ukiwa umefifia, d hupasuka ikawa cl, na “punda” anaandikwa “puncla”. Hapo msomaji akitafuta punda ataambiwa hayumo, ilhali kitabuni mna kisa kizima cha punda wa dobi! Programu iliyozoeshwa Kiingereza huzidisha balaa, maana hulazimisha neno lifanane na yale inayoyajua.

Project Gutenberg, mkusanyo wa vitabu vya kidijitali, ilipita njia nyingine. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Michael Hart alikaa akachapa Azimio la Uhuru la Marekani kwa vidole vyake. Sasa mkusanyo huo una vitabu zaidi ya 70,000, vingi vya Kiingereza. Maandishi matupu ya riwaya kwa kawaida hayazidi megabaiti chache. Picha za kurasa zake hufika makumi, na mwenye bando dogo anajua maana yake.

Tangu 2000, wasahihishaji wa kujitolea wa Distributed Proofreaders, wanaoiandalia Project Gutenberg vitabu, hulinganisha picha na maandishi, ukurasa kwa ukurasa. Kanuni yao: kosa la mashine huondolewa, tahajia ya mwandishi haiguswi. Kwa Kiswahili kilichochapwa kabla ya kazi ya usanifishaji iliyoanza 1930, kutofautisha mawili hayo kunahitaji mtu anayeijua lugha yenyewe.