USITUPE KOMPYUTA KWA AJILI YA PROSESA



Wengi wetu tuna vijana wenye kompyuta za michezo za mwaka 2017 au 2018. Mashine ikizorota, huambiwa wanunue nyingine nzima. Kabla mshahara haujateketea, yafaa tujue yafuatayo.

Prosesa za Ryzen za kampuni ya AMD zilitoka mwaka 2017 zikitumia soketi iitwayo AM4. Soketi hiyo hiyo hupokea Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022. Basi mwenye Ryzen 5 1600 aweza kubadili prosesa peke yake. Anayehamia soketi ya AM5 hulazimika kununua pia ubao mama mpya na kumbukumbu za DDR5.

Kwanza, pima. Punguza ukubwa wa picha katika mchezo. Mwendo usipoongezeka, prosesa ndiyo inayochelewesha. Ukiongezeka sana, kasoro iko kwenye kadi ya picha, usinunue prosesa.

Pili, hakikisha mtengenezaji wa ubao wako ameitaja prosesa hiyo katika orodha yake. Ingiza BIOS mpya wakati prosesa ya zamani ingali mahali pake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao waweza kufa.

Tatu, zima mashine ingali na joto, chomoa waya, uzungushe kipoza joto polepole kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu, prosesa hung'oka nacho na pini hupinda. Pangusa grisi ya zamani, paka mpya.

Kiwanda hakibomolewi kwa sababu ya injini moja.