Mwinjilisti na Mtaa Wake (2): Anazika, Lakini Meza Habariki

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), lililozaliwa Juni 19, 1963 kwa muungano wa makanisa saba, lilivyojipanga kutoka dayosisi hadi jimbo, na kutoka usharika hadi mtaa. Leo tunabaki huko chini kabisa, mtaani, ambako mchungaji hufika kwa zamu na mwinjilisti ndiye anayelala na kuamka na Wakristo.

Mwinjilisti huhubiri, hufundisha, hutembelea wagonjwa, huzika. Hata hivyo haongozi Chakula cha Bwana, na habatizi ila kwa dharura, mtoto anapokuwa hatarini. Kazi hizo ni za mchungaji aliyewekewa mikono, na mchungaji huyo ana mitaa mingine inayomsubiri. Pikipiki yake ikinasa kwenye tope la masika, waumini waliokwisha kujiandaa kwa Meza ya Bwana hurudi nyumbani wakinung'unika. Wa kununiwa ni yule aliyepo.

Hali hii ina umri mrefu kuliko KKKT yenyewe. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1920, Waingereza wakawaondoa Wajerumani. Waliobaki na makanisa mikononi walikuwa hasa walimu wa shule za misheni, wenyeji wa pale pale. Hawakuwa wamewekewa mikono, lakini walifundisha wabatizwa, waliongoza ibada na kusuluhisha ugomvi wa majirani. Wachungaji wa kwanza wa kiafrika katika eneo hilo waliwekewa mikono mwaka 1934 tu. Kwa maneno mengine, kazi ilitangulia cheo kwa miaka mingi, na mwinjilisti wa leo ni mrithi wa walimu wale kuliko alivyo msaidizi wa mchungaji.

Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa vipindi kati ya mwaka 1902 na 1938, alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya mafungamano ambayo Wachaga walikuwa nayo tayari: ukoo, ujirani na rika. Alizidisha, hasa alipotazama ukoo kama kitu kisichobadilika, na Wachaga wasomi wa siku zake hawakupenda wote kufungiwa humo. Katika suala la ujirani, lakini, aliona mbali. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele chao katika miaka ya 1970, na Walutheri nao wana jumuiya zao, zinazokutana nyumba kwa nyumba, mara nyingi alfajiri kabla watu hawajaenda shambani.

Humo ndimo kazi ya mwinjilisti inamonoga. Anajua nani ameuza mbuzi ili alipe ada, nani ameacha pombe kwa wiki ya tatu, binti wa nani amepata kazi Arusha na anataka kutoa sadaka ya shukrani. Na humo humo ndimo anamochoka, maana jirani anayeomba naye alfajiri ndiye atakayebisha hodi jioni kulalamikia mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), na mlalamikiwa yumo katika jumuiya ile ile.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni msiba.

Tuseme amefariki kijana aliyehamia Dar es Salaam miaka mingi iliyopita. Mwili unaletwa nyumbani, kaburi linachimbwa, na wazee wa kanisa wanafungua daftari la sadaka na ahadi. Safu yake ni tupu. Mjomba anamwambia mwinjilisti, "Mtumishi, huyu alibatizwa hapa hapa, na kipaimara alipatia hapa." Mzee wa kanisa anajibu kwa upole unaouma: "Ni kweli, shemeji. Baada ya hapo tulimwona lini?" Kisha kikao kinaanza. Je, mwili uingie kanisani au ibada ifanyike nyumbani? Kwaya iimbe au isiimbe? Wengine wanataka zilipwe kwanza ahadi za miaka yote ile, jambo ambalo mwandishi huyu haoni namna ya kulitetea, kwani linamfanya maiti mdaiwa na wafiwa wadhamini wake. Lakini wazee hawasemi hovyo. Wao ndio waliobeba mawe ya msingi, na wanauliza kwa nini mtu ajiunge na jumuiya ikiwa asiyejiunga anazikwa vilevile. Mwinjilisti amekaa katikati, saa zinakwenda, wapishi wameshaepua. Akiegemea wafiwa, baraza la wazee litamkumbusha kwenye kikao kijacho. Akiegemea baraza, ukoo mzima utapita kando ya kanisa mwaka mzima.

Ziko siku zinazolipa usumbufu huo. Mojawapo ni ya kurudi kundini: mzee na mkewe walioishi pamoja miongo kadhaa bila ndoa ya kanisani wanasimama mbele ya usharika kubariki ndoa yao, wajukuu wamewatangulia na maua. Mwinjilisti huwa amewatembelea mara nyingi kabla ya siku hiyo, akinywa chai na kuzungumza habari za kahawa na mvua, bila kuwasukuma. Mchungaji ndiye anayefungisha, na picha zikipigwa mwinjilisti yuko pembeni akihesabu viti vya kukodi.

Kuna pia mashindano asiyoyaweza. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa Sh500. Foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Mtaani swali likawa moja: mbona kwetu hakuna kikombe? Mtu aliyezoea kumshika mgonjwa mkono, kumwombea na kumhimiza asiache dawa za hospitali ana jibu gani la kushindana na hilo? Swali hilo bado linarudi, sasa likiletwa na mikutano ya maombezi na vipaza sauti vya makanisa mapya.

Kipaimara ni habari fupi na chungu kidogo. Vijana hukalia mafundisho kwa muda mrefu, hukariri Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, huvaa nguo mpya, halafu wengi hutawanyika mijini. Desemba hurudi, kanisa likafurika, na mwinjilisti hulazimika kuuliza majina ya watu aliowafundisha mwenyewe.

Kilichobaki ni fedha. Baada ya ibada, nje ya kanisa, vilivyotolewa kama sadaka hunadiwa: mkungu wa ndizi, maharage, jogoo, mayai. Mnada huu ni burudani ya kweli. Yai moja linaweza kununuliwa kwa bei ya trei, likarudishwa, likanadiwa upya, na mnunuzi wa mwisho akampa bibi mjane aliyelileta. Hata hivyo makusanyo hayabaki yote mtaani. Sehemu huenda usharikani na ngazi za juu, na pale ambapo posho ya mwinjilisti inategemea kinachosalia, mwaka wa ukame humkuta akilima kibarua kwa waumini wake.

Wapo wanaopendekeza wainjilisti wote wa dayosisi walipwe kutoka mfuko mmoja, wa mtaa tajiri na wa mtaa maskini sawa. Ni pendekezo zuri, na linapingwa zaidi na mitaa yenye uwezo. Hoja yao haifai kupuuzwa: fedha ikitoka mbali, wanasema, mwinjilisti naye atasikiliza mbali. Anayesema hivyo, lakini, kwa kawaida si yeye anayesubiri posho ya miezi mitatu, wala si yeye atakayetakiwa kuhama nyumba ya kanisa siku ya kustaafu akiwa hajajenga kwake.

Sehemu ya tatu itahusu wanawake wainjilisti.